MTOTO WA MBWA KATIKA NJIA YA CHUONI

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho akakijaalia riziki yake na mahali pake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baad. Ndugu yetu mmoja akaaye shamba ametuletea swali, nasi tulipolisoma tuliona ya kuwa si lake peke yake. Ni swali la wengi katika watu wa pwani wenye mifugo na makonde, ila wengi huona haya kuuliza, kwani mtu akitaja mbwa barazani huogopa kudhaniwa kuwa amelegea katika dini yake. Basi tumeona vyema kulijibu katika waraka huu, ili mwenye haja apate jawabu lake bila ya kuaibika.

SWALI

Asema muulizaji: Nina mbuzi 12 na shamba la mihogo, na kima na wezi wamenichosha. Sahibu yangu amenipa mtoto wa mbwa, umri wake miezi 4, nimlee awe mlinzi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri huwapeleka wanangu wawili chuoni, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kijia chetu hupita vichakani kungali giza. Mbwa huyu hutufuata, na wanangu humpenda, wamempa na jina. Lakini mtoto wa jirani yangu amekataa kwenda chuoni kwa kumwogopa, na leo ni siku ya tisa hajaonekana mbele ya mwalimu. Tena juzi mbwa alilamba ubao wa mwanafunzi mmoja uliokuwa umeegemezwa barazani mwa chuo, ukiwa na aya juu yake. Wazee wa kijiji wamehitilafiana. Mmoja asema mbwa auawe. Mwingine asema kilebu hana najisi mpaka akue. Wa tatu asema mbwa wa Watu wa Pango alikuwa pamoja na mawalii, basi huyu ana kosa gani? Nifanyeje, nimchukue au nisimchukue? Na ubao ule hukumu yake ni nini?

JAWABU

Jua, ewe ndugu, Mwenyezi Mungu atuongoe sisi na wewe, ya kuwa swali lako limekusanya mambo mengi, nasi hatutayajibu kwa mpango uliouuliza. Tutaanza na lile ambalo mengine yote yanasimama juu yake, nalo ni hili: je, mbwa huyu wafaa kukaa naye?

Imethubutu katika Hadithi sahihi zilizopokewa na Abu Huraira na Ibn Umar, Mwenyezi Mungu awawie radhi, ya kuwa mwenye kuweka mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wala wa kuchunga mifugo, wala wa kulinda shamba, hupungua katika thawabu za amali zake kila siku kirati. Na katika riwaya nyingine, kirati mbili. Na kirati hapa ni kiasi akijuacho Mwenyezi Mungu mwenyewe. Basi mbwa wa pambo, awekwaye kwa kuwa ni mzuri wa kutazamwa au kwa kuwa jirani naye anaye, huyo haifai kumweka katika madhehebu yetu. Lakini wewe una mbuzi na una shamba, nawe umo ndani ya maneno yenyewe ya Hadithi, si kwa kukisi. Na Imam Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ametaja katika Raudha ya kuwa kwa kauli iliyo sahihi zaidi yajuzu kumlea mtoto wa mbwa kwa ajili ya kazi hizo, ijapokuwa leo hajaziweza. Vilevile ameeleza ya kuwa yajuzu kwa kauli iliyo sahihi zaidi kuweka mbwa kwa kulinda nyumba na njia za mitaani, kwa sababu illa inayofahamika katika Hadithi zile ni haja, na haja imepatikana. Ila hutakiwi kumweka mbwa leo kwa kutazamia kununua mbuzi mwakani; mbuzi kwanza, ndipo mbwa.

Umefanya vyema pia kumpokea kwa hiba wala hukumnunua, kwani biashara ya mbwa kwetu ni batili hata akiwa amefundishwa kuwinda. Wako wengi wasiolijua hili, na sokoni wauzaji hawawaambii.

Basi yule mzee asemaye auawe, hana hoja. Mbwa anayeruhusiwa kuuawa ni yule mkali mwenye kuuma na kudhuru watu. Ama huyu asiyedhuru ni mnyama mwenye hurma, na aliyemweka yampasa kumpa chakula na maji. Wala usimtupe njiani au sokoni kwa kuwa umechoshwa na maneno ya watu. Mnapokea nyote ya kuwa mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu alimghufiria, na ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu wanyama alisema kuwa katika kila chenye roho mna ujira. Asiyemnywesha mbwa aliyemfunga mwenyewe, ataisomaje Hadithi hiyo mbele ya wanafunzi wake?

Ama mzee wa pili, asemaye kilebu hana najisi mpaka akue, naona nimejua maneno yake yametoka wapi. Katika vitabu vyetu mkojo wa mtoto mwanamume wa binadamu, aliye chini ya miaka miwili na asiyepata kula chakula ila maziwa, ni najisi hafifu, watosha kunyunyiziwa maji yakaenea. Watu wakalisikia hilo chuoni, wakalichukua, wakalipachika kwa kila kitoto. Lakini hukumu hiyo ni ya mkojo wa mtoto wa mtu, wala haikuvuka kwenda kwa mwingine. Mbwa katika madhehebu ya Imam Shafii ni najisi nzito tangu siku ya kuzaliwa: mate yake, jasho lake, mkojo wake, unyevu wa pua yake na nywele zake. Bali mbwa mtoto ana taabu zaidi kuliko mkubwa katika jambo hili, kwa sababu katika mwezi wa nne mpaka wa sita hung'oka meno ya utoto yakaota mengine, na fizi zikimwasha hutafuna kila akutanalo nalo, makubadhi, pindo la kanzu, vidole vya watoto na mbao za chuo. Mbwa mkubwa aliyefundwa hukaa akatazama. Huyu hawezi.

Na ama mzee wa tatu, mbwa wa Watu wa Pango ametajwa katika Sura ya Kahaf, hakuna mwenye kulikana. Lakini na atazame ametajwa yu wapi: yuko kizingitini, amenyosha mikono yake miwili, hakutajwa kuwa ndani pamoja nao. Tena sharia ya waliotutangulia haiwi sharia kwetu pale sharia yetu ilipoleta hukumu yake, na katika mbwa imeleta.

JINSI NAJISI INAVYOSHIKA NA ISIVYOSHIKA

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wamepita kiasi pande zote mbili. Wako wanaombeba mbwa mvua ikinyesha kisha wakasimama kusali. Na wako ambao mbwa akipita upande wa pili wa barabara hurudi nyumbani kuoga. Wote wawili wameikosa fikihi.

Kaida ni hii: kikavu kikigusana na kikavu, hapana kilichonajisika. Mbwa mkavu akisugua nywele zake kavu katika kanzu yako kavu, kanzu ni tohara, endelea na safari yako na sali nayo. Na najisi haihamii ila kwa umajimaji wa upande mmoja au wa pande zote mbili. Lakini, ewe muulizaji, wewe watoka baada ya alfajiri, na njia yako ni ya vichakani. Umande umejaa majani, na mbwa akipita humo mwili wake wote hulowa, na miguu ya watoto nayo imelowa. Siku za masika ni zaidi ya hayo. Basi ule ukavu ambao ungekuwa udhuru wako mchana wa kaskazi, hukuwa nao asubuhi.

Na pale palipo shaka, asili ya vitu ni tohara. Ukiona tone katika pindo la kanzu wala hujui limetoka kwenye majani au kwenye pua ya mbwa, ni tohara, wala usijitie wasiwasi. Wasiwasi ni mlango wa shetani, na wengi walioufungua wameishia kuiona sala nzito.

Ikishathubutu ya kuwa mate au unyevu wa mbwa umegusa nguo, mwili au chombo, kwanza huondolewa ile najisi yenyewe. Na maosho ya kuiondoa, hata yakiwa mengi, huhesabiwa osho moja. Kisha hutimizwa saba, moja katika hizo kwa udongo tohara uliochanganywa na maji mpaka yakapata weusi. Bora udongo uwe katika osho la kwanza, ili yanayofuata yaondoe vumbi lake. Mchanga wenye vumbi watosha. Na nyanja ya udongo iliyolambwa, haihitaji kuletewa udongo mwingine. Maji mara saba yatosha. Na ukichovya kitu katika maji ya mto yaliyochafuka kwa tope, mfano wa Sabaki au Rufiji siku za mafuriko, ukakitikisa humo mara saba, umekwisha, kwani tope lile lasimama mahali pa udongo. Maulamaa wa zamani walipiga mfano huo kwa mto Nili unapofurika, nasi tuna mito yetu.

Wauliza vijana: je, sabuni haitoshi? Kauli yenye nguvu kwetu, na ndiyo aliyoithibitisha Nawawi katika Minhaji, ni kuwa udongo umeainishwa, kwa kuwa ndio uliotajwa katika Hadithi. Sabuni ongeza upendapo baada ya hapo. Hakuna aliyekukataza usafi. Na ujue ya kuwa Imam Malik aona mbwa aliye hai ni tohara na kuosha chombo ni ibada tu, na Mahanafi waona mate yake ni najisi lakini mwili wake sivyo. Kwa hiyo ukimwona Mhindi wa Kihanafi au mtu wa Maghribi hakufanya kama ufanyavyo, usimnyoshee kidole. Ana imamu wake.

NJIA

Sasa tumefika katika swali lenyewe: amchukue au asimchukue?

Mimi naona jawabu limo katika kaida ambayo kila mwanafunzi wa fikihi ameihifadhi, kuwa kilichoruhusiwa kwa haja hupimwa kwa kadiri ya haja. Ewe ndugu, sharia imekuruhusu mbwa huyu kwa ajili ya mbuzi 12 na shamba la mihogo. Mbuzi wako wapi kungali alfajiri? Zizini. Na mihogo? Shambani. Na kima hushuka lini? Kucha kunapopambazuka, saa ileile ambayo mlinzi wako yuko nusu saa mbali, akinusa barazani mwa chuo. Basi mbwa huyu kila asubuhi huiacha kazi iliyomhalalishia kukaa kwako, akaenda pasipo na kazi yake. Ukimzoesha mwendo huo sasa naye ni mtoto, akikua hutaweza kumrudisha. Mbwa hujifunza njia yake katika miezi yake ya kwanza, na mchungaji yeyote atakwambia hivyo.

Huenda ukasema: njia ina giza, nami nachelea nyoka na watu waovu, na mbwa hutuonya. Hili ni neno la kusikizwa, wala hatulikatai, kwani tumetangulia kusema ya kuwa kulinda njia ni haja katika kauli iliyo sahihi zaidi. Lakini haja hii yataka mambo mawili. Kwanza, hofu iwe ya kweli, si ya kujitungia ili watoto wafurahi. Pili, mbwa awe ni mwenye kuweza kulinda. Kilebu wa miezi 4 hamlindi mtu. Ukitokea mwizi, wewe ndiwe utakayembeba ukimbie naye. Kurunzi na fimbo vitakufaa zaidi kwa mwaka huu. Atakapokua, ikawa njia ina hofu ya kweli, mchukue kwa kamba, mtangulize mbele, watoto wawe nyuma yako, na ukomee mahali maalumu kabla ya chuo, palipo na mti wa kumfunga na kivuli na maji. Kisha urudi naye mara moja, usiingie katika mazungumzo ya barazani ukamsahau juani.

Wala usishike kamba hiyo ukasali nayo. Wako waliofikiri kuwa akisimama mbali nao hapana neno. Katika Minhaji imetajwa ya kuwa mwenye kushika ncha ya kitu kilichogusana na najisi, sala yake haisihi, hata kama kitu hicho hakitikisiki kwa harakati zake, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ukiikanyaga kamba kwa mguu wako hapana dhara, lakini kufunga mtini ni bora kuliko kufuata hila hizi.

CHUO

Kumwingiza chuoni au barazani mwake, hilo hatuliruhusu, awe mdogo, awe mkubwa, awe mkavu, awe umemfunga. Na dalili yake ni kisa cha mtoto wa mbwa hasa, si cha mbwa mkubwa. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa Bibi Aisha na kwa Bibi Maimuna, Mwenyezi Mungu awawie radhi, ya kuwa Jibrili alimwahidi Mtume (S.A.W.) kuja kwa saa maalumu, na saa ikapita asije. Mtume akahuzunika, kisha akamwona kilebu ambaye alikuwa ameingia mahali pa kulala bila ya mtu kujua. Akaamrisha atolewe, na akanyunyiza maji mahali pake kwa mkono wake mtukufu. Na Jibrili alipokuja alieleza ya kuwa wao malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala sura. Al-Khattabi amesema makusudio ni mbwa aliyeharimishwa kuwekwa. Lakini Nawawi ameona lililo dhahiri ni kuwa hukumu ni ya mbwa wote, na hoja yake ni kilebu huyuhuyu: Mtume (S.A.W.) alikuwa na udhuru ulio wazi, hakujua kuwa yumo, na juu ya hayo Jibrili hakuingia.

Nanyi mwajua ya kuwa watu wakikusanyika kukisoma Kitabu cha Mwenyezi Mungu na kukidurusu, malaika huwazunguka. Chuo, ijapokuwa ni banda la makuti na mikeka iliyochakaa, ndiyo nyumba ya kijiji inayowataraji malaika kila asubuhi. Basi baba awapelekaye wanawe huko kutafuta baraka hiyo, afuatane na kinachoizuia?

Kisha ni ile mikono ya watoto. Haifai kuugusa msahafu kwa kiungo chenye najisi. Mtoto mwenye kupambanua husamehewa kuuchukua bila ya udhu kwa haja ya kujifunza, lakini msamaha huo ni wa hadathi, si wa najisi. Wala mtoto hana dhambi, dhambi ni ya mzazi ajuaye akanyamaza. Mwanao amemkumbatia mbwa njiani, vidole vimelowa mate, akafika akafungua juzuu. Mwalimu mwenye wanafunzi 40 mbele yake hawezi kuuliza kila mmoja ameshika nini. Amana hiyo ni yako tangu mlangoni kwako.

Na mtoto wa jirani. Hili ndilo lililonihuzunisha katika barua nzima, nawe umeliandika kwa mstari mmoja. Siku tisa! Mtoto aliye katika juzuu ya Amma, siku tisa ni sura ngapi? Baadhi ya watu hucheka mtoto aogopaye mbwa, wakasema atazoea. Fukahaa hawakuicheka hofu ya mtoto. Katika mlango wa diya wamesema ya kuwa mtu akimpigia ukelele mtoto asiyepambanua aliye ukingoni mwa dari, akashtuka akaanguka akafa, diya yapasa. Hawakusema mtoto yule alikuwa mwoga. Na Mtume (S.A.W.) alikataza Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe, na sababu ya katazo lile ilikuwa ni mzaha tu wa wasafiri waliomchukulia kamba mwenzao aliyelala. Kama mzaha wa kamba umekatazwa, mbwa anayemrukia mtoto wa miaka sita katika kijia kisicho na pa kupishana ni nini?

Tena lipo la dhamana. Aliye pamoja na mnyama hudhamini anachoharibu, usiku au mchana. Mbwa akimwangusha mtoto akavunjika mkono, au akararua juzuu, hutaweza kusema ni mnyama hana akili. Wewe unayo, nawe ulikuwa naye.

TANBIHI KATIKA MARADHI

Hili si la vitabu vya fikihi, lakini haifai kulinyamazia, kwani kuhifadhi roho ni katika makusudio makubwa ya sharia. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishadhihiri kwa mtu, karibu hapana aponaye. Shirika la Afya Duniani limeeleza ya kuwa mpaka 99 katika 100 ya watu wanaoupata huambukizwa na mbwa, na ya kuwa kiasi cha 40 katika 100 ya wanaoumwa na wanyama wenye kushukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake u karibu na kinywa cha mnyama, na aghlabu huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa.

Tazameni Pemba. Katika miaka ya baada ya 2010 mbwa wa kisiwa kile walichanjwa mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwezi wa Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Kisha chanjo ikalegezwa, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena. Ikarudishwa chanjo ya kisiwa kizima, ukakatika mwezi wa Oktoba 2018. Kisiwa cha Waislamu, ambacho wengi wangedhani kina mbwa wachache wa kuhesabika, kilipoghafilika kidogo tu kiliona matokeo yake.

Basi kilebu wako ametimiza miezi 4, na yafaa achanjwe sasa. Mpeleke kwa bwana mifugo, na chanjo irudiwe kama atakavyokwambia. Umwombe na dawa ya minyoo, kwa sababu watoto wa mbwa hurithi minyoo tangu tumboni mwa mama yao, na mayai yake hutoka na kinyesi yakakaa katika mchanga ambao wanao wanauchezea. Na mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa sindano. Asitie udongo katika jeraha bichi kwa kutaka kutimiza osho la saba. Sharia haikumtaka mtu ajidhuru; udongo utangoja mpaka jeraha lipone, na hukumu ya sala zake katika siku hizo amwulize mwanachuoni wa mahali pake.

KUHUSU WATOTO WAKO

Umesema wanao wanampenda. Usiwakemee kwa mapenzi hayo, wala usiwaambie mbwa ni kiumbe kilicholaaniwa, kwani si kweli, na mtoto aambiwaye hivyo huokota jiwe. Wafundishe ya kuwa huyu ni mfanyakazi wa shamba, ana zizi lake na wao wana chuo chao. Wampe chakula chake kwa chombo chake cha peke yake, wasikitumie kwa kingine, na wakutane naye jioni, huko shambani, nguo zao za chuoni zikiwa zimevuliwa. Asubuhi kabla ya kutoka mfunge zizini au mtie uani, umpe kitu cha kutafuna, mfupa au kipande cha kamba ya katani. Atalia siku tatu nne. Watoto nao huenda wakalia. Vumilieni.

Na kwa jirani yako, nenda wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mwambie mbwa amefungwa, kisha kwa juma moja mpitie mwanawe mlangoni umchukue pamoja na wanao, mkono mkononi, ili aione njia kwa macho yake kuwa ni salama. Maneno hayamtoi mtoto hofu kama anavyotolewa na kupita mahali palepale salama mara kadhaa.

UBAO

Limebaki la ubao. Siku hizi juzuu za chapa zimeenea na mbao zimepungua, lakini vyuo vingi vya shamba vingali vikiandika kwa wino na mwanzi, Mwenyezi Mungu avibariki. Ubao uliolambwa na mbwa, ulimi wake ukifika katika maandishi, yapasa uoshwe bila ya kukawia, ijapokuwa maandishi yatafutika. Kuziacha aya katika najisi ni kubaya kuliko kuzifuta, na maulamaa wetu wamesema hivyo hata katika msahafu wenyewe, ijapokuwa ni mali ya yatima. Oshwa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyoeleza. Maji yale yasihifadhiwe wala yasinywewe kama yanavyonywewa maji ya ubao kwa baraka, kwa kuwa yamenajisika. Yamwagwe mahali pasipokanyagwa na watu. Kisha ubao ni tohara kama siku ulipochongwa, na mwalimu aandike upya.

Na kama ubao umepasuka kwa meno, au wino wa mwanafunzi umemwagika, badala yake ni juu yako. Tena mwombe radhi baba yake, na umwombe radhi mwanafunzi naye, kwani aya zile alikuwa amezihifadhi nusu.

Wallahu aalam.